Goti la Mama na Tyubu ya Maji

Jumatatu, 4 Machi

Njano tena! Tyubu ya maji matupu — maji tu, jamani — imegeuka njano sawa na zile zenye bakteria. Kipimo changu kinatafuta vipande vya ngozi ya bakteria. Kikivipata, njano. Maji safi yabaki meupe. Hii wiki ya tano hayabaki! Profesa kavua miwani, kasema kama hata maji yanaumwa basi hatuna utafiti, Ijumaa anafunga faili. Nikajibu sawa. Sawa gani! Nilienda stoo nikapiga kabati teke. Kidole kinauma mpaka sasa.

Nyumbani Mama kakaa, mguu juu ya stuli. Goti limevimba hadi pia yake haionekani. Yote tangu lile tumbo la kuendesha la Desemba. Tumbo lilipona, goti likaanza. Cherehani yake ya miguu imefunikwa shuka. Pedali ile ndiyo iliyonisomesha! Leo kampigia simu mdogo wake: Jumamosi njoo uichukue, mimi ndiyo basi tena. Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 5 Machi

Majibu ya hospitali, ya maji waliyomtoa Mama gotini: wameyaotesha, hakijaota kitu. Hakuna bakteria hata mmoja aliye hai. Mama kauliza, kama wamekufa, mbona goti halina habari? Nikajifanya naosha vikombe. Mtu wa maabara mzima!

Daktari wake kaniletea maji yaliyobaki niyaweke kwenye kipimo changu. Mama katia saini fomu ya kukubali mwenyewe, kwa mbwembwe. Sasa yeye ni sampuli Namba 17.

Jumatano, 6 Machi

Nimeunguza sufuria. Nikaijaza maji, nikaichemsha, nikaiacha. Mama akapaza sauti toka kwenye kiti: chemsha hadi kesho, ukoko utabaki palepale, kuchemsha siyo kusugua!

Nikasimama na kijiko mkononi.

Tyubu zangu. Kila siku nazipika kwenye mtambo wa mvuke ili nizitumie tena. Bakteria wanakufa, ndiyo — lakini ngozi zao zimebaki humo humo kwenye kioo! Wiki tano nasoma ukoko wangu mwenyewe. Mjinga mimi! Nimembusu Mama kipajini. Kaniuliza kama nina homa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tyubu zimeingia kwenye tanuri kavu. Nyuzi mia mbili hamsini, saa nzima, kila kipande kiungue. Nikapima.

Maji: meupe. Meupe pe!

Namba 17: njano.

Nimecheza katikati ya maabara, koti linapepea. Profesa kanikuta. Sijui alisimama pale tangu lini. Kasema tyubu moja siyo ushahidi, rudia mara tatu. Lakini faili aliliweka mezani kwangu, wazi.

Ijumaa, 8 Machi

Mara tatu. Meupe, meupe, meupe. Mama njano zote! Sijawahi kufurahia ugonjwa wa mzazi wangu kiasi hiki, Mungu anisamehe.

Daktari kasema ndicho alichokuwa anashuku. Huenda vipande vya bakteria waliokufa vimekwama gotini, na mwili unapigana navyo ukidhani adui yu hai. Aina hii mara nyingi hutulia, kwa miezi. Si kwa wote. Hakuahidi. Ila mguu usilale tu: akunje, anyooshe, polepole.

Nikamweleza Mama. Kaligusa goti kwa kidole. Kisha: yaani miezi mitatu nimelazwa na maiti? Akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama kupiga pedali ni kukunja na kunyoosha.

Nikasema labda, tuone. Niliogopa kumpa tumaini la bure.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mdogo kafika asubuhi na mkokoteni na kamba. Shikamoo dada, iko wapi? Mama kasema ngoja nivute shuka. Kajifungia chumbani na cherehani. Naandika hapa jikoni.

Kimya.

Pedali — mara moja. Imekwama. Mama kamtukana mtu, nadhani ni goti.

Tena. Mbili. Tatu!

Mama mdogo kasimama kwenye mlango wa jikoni na kamba yake mkononi. Kaniuliza kwa kunong'ona: sasa mimi nifunge nini? Nimemwambia akae kwanza, chai iko motoni. Nne. Tano. Kimya. Hakuna anayepumua humu ndani.

Sita —