Kovu Lililo Chini ya Kovu

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni hili: wanatazama kovu la ngozi na kudhani wamejua tumbo la uzazi lilikatwa vipi. Nimelisikia tena leo. Nilikuwa nimemeza dawa ya presha, nasubiri chai. Mama Ssali, mke wangu, akaingia kutoka kliniki ya wajawazito na Mapendo, mke wa mwanetu. Habari njema, alisema. Kovu la zamani la Mapendo limelala, liko chini karibu na kinena, kwa hiyo safari hii huenda akaachwa asukume mwenyewe.

Mikato ni miwili. Wa ngozi, na wa tumbo la uzazi chini yake. Ngozi ikikatwa kwa upana, chini, hupona vizuri na maumivu ni machache. Lakini chini ya mkato huo daktari anaweza kukata tumbo la uzazi wima. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya hospitali ya jeshi, nilifanya kinyume: ngozi wima kwa ajili ya haraka, ndani kwa upana. Ngozi haitoi ushahidi wowote.

Chai ilipoa. Nina hofu.

Jumatano, 5 Machi

Nijieleze vizuri, nisije nikawa mzee anayetafuta kazi.

Sehemu ya chini ya tumbo la uzazi ni nyembamba, haifanyi kazi kubwa wakati wa uchungu. Mshono wa hapo hushika. Sehemu ya juu ni msuli mnene, ndio unaosukuma. Mshono wima wa huko juu, uchungu ukiuvuta, unaweza kuachia. Ukiachia, mama na mtoto wanaweza kwenda pamoja. Nimeona.

Mapendo alipasuliwa Kongo, upande wa Bunia, wakati wa kukimbia vita, kabla hajaolewa na mwanetu. Mtoto hakuishi. Karatasi hakuna. Picha za mashine haziwezi kunihakikishia. Kilichobaki ni kumuuliza: mimba ilikuwa ya miezi mingapi? Mtoto alilalaje?

Na siwezi kumuuliza. Kwetu Buganda, baba mkwe na mkamwana hawagusani, hawakai kiti kimoja, hawazungumzi habari za mwili. Mwaka mzima tumekuwa tukisalimiana kwa mbali. Hata hilo kovu nalijua kwa kusimuliwa tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimtuma Mama Ssali aulize. Alirudi amekasirika. Mapendo aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Mzee, huyo mutoto alikufa. Unataka amuzike mara ya pili?" Kisha, akiwa mlangoni: "Wewe ulistaafu, lakini kisu chako hakijastaafu."

Najua kinachomkera. Wauza samaki pale soko la Ggaba wamemuuliza kama mkamwana wake atafunguliwa tena kama zipu. Anataka mkamwana anayesukuma, basi. Na Mapendo naye anataka hivyo hivyo.

Nimempigia mwanetu Ssali simu kambini. Ni polisi, yuko Moroto. Hajui lolote. Mkewe hajawahi kumsimulia.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya.

Kati ya sebule na jikoni tuna pazia. Nilimwomba Mama Ssali amketishe Mapendo upande wa jikoni. Mimi nikakaa huku, nimewapa mgongo. Nilikuwa na koti langu la mtumba kutoka soko la Owino, la sufu, lenye bitana. Asubuhi nililikata kwa mkasi: kitambaa cha nje kwa upana, bitana wima. Nikalipitisha chini ya pazia, nikamwambia apapase kwa vidole, kwanza nje, kisha aingize mkono ndani.

Sikuuliza swali. Nilieleza tu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi: anayelitazama koti kwa nje ataapa kwamba limekatwa njia moja. Nikaeleza pia kwa nini daktari hulazimika kukata wima. Nikasikia vidole vyake vikipita juu ya bitana.

"Ilikuwa miezi saba, Papa," alisema. "Mutoto alilala ya kukingama. Mukono ndiyo ilitangulia kutoka."

Nilifumba macho. Katika miezi saba ile sehemu nyembamba ya chini bado ni finyu. Mtoto aliyekingama, mkono nje, ni vigumu kumpitisha hapo. Madaktari wengi wangekata wima. Mimi ningekata wima.

"Sasa mimi sitasukuma?"

"Hutasukuma, mwanangu. Sina hakika walikukata vipi. Ila jambo la namna hii hatulijaribu kwa uchungu."

Alilia. Nilimsikia akilikunja koti.

Jumatano, 12 Machi

Hospitalini. Daktari bingwa alimsikiliza Mapendo mwenyewe na hakusita. Upasuaji Jumanne ijayo, kabla uchungu haujaanza. Nimelala vizuri mchana.

Jumamosi, 15 Machi

Uchungu haukungoja Jumanne.

Mama Ssali aliniita uani baada ya chai: tumbo linakaza. Gari la jirani. Foleni Kabalagala, magari yamesimama kabisa. Mimi kiti cha mbele, wao nyuma, macho yangu barabarani kama inavyotakiwa. Nilimwomba jambo moja tu. Kila tumbo likilegea, aniambie kama maumivu yameisha. Yasipoisha katikati, mshono huenda unaachia.

"Inaisha, Papa."

Tukasogea kidogo.

"Inaisha."

Kisha kimya. Nilihesabu pumzi zangu. Kimya bado. Niligeuka. Mwaka mzima sijawahi kumtazama usoni kwa karibu hivyo. Alikuwa ameng'ata kanga, jasho linatiririka, macho yamenikazia. Sikuyaondoa yangu. Wala yeye.

Akaitoa kanga mdomoni. "Inaisha," alisema.

Nilibaki nimegeuka hadi getini. Mama Ssali hakunikataza.

Wakampeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mlangoni nilikuwa sina maana yoyote. Kujua sana ni adhabu ukiwa nje ya mlango.

Msichana. Nimemsikia akilia.

Daktari alitoka baadaye. Kovu la ndani lilikuwa wima, jembamba kama ganda la kitunguu, na ncha yake ya chini ilikuwa imeanza kufunguka. Alisema kwa sauti ya kawaida.

Jumanne, 18 Machi

Wodini. Mvua imenyesha, sasa jua.

Mama wa kitanda cha jirani alimuuliza Mama Ssali kama mkamwana wake alizaa au alipasuliwa. Akajibu, "Amezaa," akaendelea kumenya chungwa.

Mimi niko upande wangu wa pazia la wodi. Mtoto nimeletewa, huyo hana mwiko na mimi. Ana mikono mirefu. Mapendo amemwambia Ssali kwa simu habari ya mtoto wa kwanza. Nilisikia, nikainuka nikaenda dirishani.

Kesho wanaruhusiwa. Cha kufanya leo: Mapendo amuulize daktari safari hii amekata tumbo la uzazi vipi, na jibu hilo alishike kichwani.