Ringi ya Zahanati

Jumatatu, 12 Januari
Saa tatu asubuhi. Kipima mvua: milimita 9. Nimeijaza kwenye fomu, nimetuma wilayani kwa simu. Mke wangu, Mama Fabiola, anasema nimeoa mke wa pili, kichupa cha mvua. Acha aseme.

Nimekwangua kutu kwenye ringi ya lori iliyoning'inia pale zahanati. Ndiyo kengele yetu ya hatari tangu mkutano wa wiki iliyopita. Mtaalamu wa wilaya alitueleza kwamba kule Pwani ikitolewa tahadhari ya tsunami, watu wanaacha vitu na kupanda juu. Sisi bahari hatuna. Letu ni tope la mlimani, lakini mbio ni zile zile. Mvua ya siku mbili ikipita milimita mia, au korongo likifanya jambo lisilo la kawaida, napiga ringi, na bondeni wote wanapanda shuleni. Wazo la ringi ni langu. Walinipigia makofi. Nilijisikia mtu.

Kasoro moja. Mkutano uliangukia siku ya mnada, wafugaji wote walikuwa na ng'ombe wao. Mzee Gidamis wa ng'ambo ya korongo hajui lolote. Wengine wameambiwa kwa simu, yake imezima mwezi mzima. Nimejitolea kwenda kumweleza.

Jumatano, 14 Januari
Milimita 22. Sijaenda. Maharage yamemezwa na magugu. Na haraka ya nini? Boma la mzee liko juu kabisa, tope haliwezi kumfikia.

Mkewe, Mama Gidabasa, ametuletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Ningeweza kumpa ujumbe. Sikumpa. Jambo kama hili anaelezwa mzee mwenyewe, kwa shikamoo na kwa kukaa chini. Kesho.

Ijumaa, 16 Januari
Milimita 58. Njia ya kwa mzee inateleza kama sabuni. Sikwenda.

Nimempigia mtaalamu. Kasema niwe macho. Niko macho tangu juzi.

Jumamosi, 17 Januari
Milimita 71. Nimepiga ringi.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 18 Januari
Hakuna ibada. Kanisa limejaa magodoro na watoto. Naandika nikiwa darasa la tatu, kwenye dawati, magoti yanagota ubao.

Jana baada ya kusoma kipimo nilikwenda kutazama korongo. Mvua inamwagika, halafu maji yamepungua. Mawe ya chini yanaonekana. Nikajua kuna kitu kimeziba huko juu, na kitaachia. Nikakimbia zahanati, nikapiga.

Watu walipanda. Wote. Hata bibi mkunga, mgongoni kwa mjukuu wake, akilaumu njia nzima kwamba ameacha ugali mezani. Nikawahesabu kwa macho, nikafurahi. Kweli nilifurahi, nikiwa bado napiga.

Ndipo nikamwona Mzee Gidamis. Anashuka. Shuka jekundu limeloa, mkuki mkononi, anakimbia kuja kwangu.

Mungu wangu, nilisahau nini? Miaka yote hapa ringi ikilia ina maana moja: ng'ombe wameibwa, njoo na silaha. Unaikimbilia, huikimbii. Mwaka juzi alichelewa, wazee wakamkalisha chini na kumtoza dume. Dume hakulijali. Ile aibu ndiyo ilimwuma, aliniambia mwenyewe. Nami ndiye niliyeichagua ringi ile ile kuwa kengele ya kukimbia.

Nilipunga mikono arudi. Nadhani aliona ninamwita. Nilipiga kelele, mvua ikazimeza. Nikaacha kupiga ringi. Akaongeza mwendo. Bila shaka alifikiri wezi wamenizidi nguvu.

Alikuwa katikati ya korongo tope lilipofika. Mawe na miti mizima. Kishindo nilikisikia kwenye meno. Nilikimbia kupanda. Sikugeuka. Hilo pia naliandika.

Jumanne, 20 Januari
Wamempata, mbali kule chini karibu na barabara. Sikwenda kuangalia. Mama Fabiola alikwenda. Aliporudi alinawa, akakaa. Ya mke wa pili hayatajwi tena.

Zahanati haipo. Ringi haipo. Nyumba yetu imebaki ukuta mmoja.

Alhamisi, 22 Januari
Mtaalamu amepiga simu kunipongeza. Bondeni kote hakuna aliyekufa. Anasema mfano wetu utapelekwa vijiji vingine. Nikamwambia kuhusu Mzee Gidamis. Akasema huyo hakuwa mkazi wa eneo la hatari.

Nilikata simu. Nilitamani kuitupa kwenye tope.

Watu wananisalimia kwa heshima mpya. Naichukia.

Jumatatu, 26 Januari
Kipima mvua kilikuwa uani kwa mwalimu mkuu, kimepona. Milimita 0.

Leo nimepanda kwa Mama Gidabasa. Njia imekauka. Ni mwendo wa nusu saa, si zaidi. Nilikuwa nimesahau kwamba ni karibu hivyo.

Alinikaribisha kwenye kigoda cha mzee. Nilikataa, nikakaa chini. Akanipa chai. Ng'ombe walikuwa bado zizini, wanalia, hakuna wa kuwatoa mapema kama zamani. Akaniuliza kitu kimoja tu: walioibwa siku ile walikuwa ng'ombe wa nani.

Nikamwambia hakuna walioibwa. Nikamweleza yote. Kipimo, korongo kupungua maji, ringi, na kwamba siku hizi ikilia unabaki juu, hushuki. Na kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuja kusema. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenielewa.

Nilipomaliza, chai ilikuwa bado ya moto.