Alama ya Tatu

Jumatatu, 4 Mei
Uji, kompyuta, mto. Saa moja asubuhi Mzee Komora wa Idsowe huwa ameshateremka mtoni, amesoma kijiti cha vipimo, na amejaza kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni mto umepanda sentimita ngapi tangu jana. Leo sita. Ukurasa ukawa manjano. Sifuri ni kijani, ishirini kwenda juu ni nyekundu. Watu wa kule chini, Chara, wanatazama rangi tu. Mama yuko huko, shambani, anafukuza ndege kwenye mpunga. Nimemsihi arudi kijijini. Ataondoka rangi ikiwa nyekundu, anasema. Mbishi.

Jumanne, 5 Mei
Kumi na nane. Maji mazito, tope tupu. Sipendi.

Jumatano, 6 Mei
Kijani! Nikampigia Mama: kaa, vuna. Nikaenda kununua maziwa nikiimba. Nje watu wanahamisha mbuzi. Maji yameshaingia barabarani.

Nikampigia Mzee Komora.

"Kijiti kimezama chote, mwanangu. Namba sikuiona, nitaandikaje? Nimeacha wazi, nikatuma hivyo hivyo ujue nilifika."

Mzee mkweli. Mjinga ni mimi. Kwenye JavaScript, lugha ya kompyuta niliyoandikia ukurasa, alama mbili za usawa ni legelege: zinageuza sanduku la namba lililo tupu kuwa sifuri, kisha zinasema ni sawa. Alama tatu zinakataa. Tupu ni tupu. Mimi niliandika mbili. Hakuna namba, ukurasa ukasema mto haujapanda.

Nimeongeza ya tatu, nikaagiza tupu iwe nyekundu. Kazi ya dakika moja. Simu ya Mama haipatikani.

Alhamisi, 7 Mei
Haipatikani. Nilimwambia vuna.

Ijumaa, 8 Mei
Bado. Naogopa simu ikilia, naogopa isipolia. Mzee Komora ametuma tena wazi. Nyekundu.

Jumamosi, 9 Mei
Mama ameletwa kwa mtumbwi. Siku zote hizo alikuwa juu ya dungu lake la kulindia ndege, maji chini yake, kanga moja. Mpunga wote umekwenda. Amekula, amelala, ameamka. Majirani wamekuja kumpa pole, naye anawaambia mtandao ulichelewa, mwanangu hana kosa.

Nilikuwa jikoni. Nikatoka, nikasema mbele yao kwamba haukuchelewa. Nikaeleza yote, hadi ile alama.

Mama akasogea kwenye mkeka, nikakaa.