Fungu la Tai

Kihagara, Jumapili. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi, nami sijatulia.

Leo, baada ya ibada, nilisimama mbele ya wawindaji wa ukoo wetu nikawaambia kwamba fungu tunalowaachia tai porini ni sumu.

Kwetu, nguruwe pori aliyeharibu mihogo akiuawa, matumbo yake na nyama iliyochanwa na gololi za gobole haviletwi nyumbani. Huachwa juu ya jiwe kubwa la mlimani, shukrani kwa tai. Zamani magobole yalishindiliwa vipande vya chuma. Tangu biashara iwe huria, magari yameongezeka, na betri zilizokufa zimezagaa mpaka huku. Watu huyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani yake, wakafinyanga gololi. Zikimpiga mnyama, humeguka ndani ya nyama.

Tai humeza.

Wiki iliyopita nilimkuta mmoja wa tai wawili wa mlima wetu chini ya jiwe lile, mabawa yamelegea, akinitazama bila kuruka. Hakuwa na jeraha. Alipokufa, bwana mifugo alimpasua, tukaona chembe za risasi tumboni.

Amebaki mmoja.

Baba mdogo, mkuu wa msako, alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu, marehemu baba yako aliacha fungu hilo maisha yake yote. Leo wewe unajua heshima kuliko yeye?"

"Tumsongee tai ugali!" akadakia mmoja. Wakacheka.

"Baba mdogo," nilijibu, "baba aliwapa tai chakula. Sisi tunawapa betri."

Baba mdogo hakucheka wala hakukubali. "Ukiligusa fungu langu, nyama ya msako wangu haitaingia tena kwako."

Alasiri walimwangusha nguruwe. Nilipanda mlimani na jembe, nikachimba mpaka viganja vikachubuka, nikafukia fungu lote, nikashindilia mawe fisi wasifukue. Sikujificha. Walioshuka na mzoga waliniona.

Kila nyumba ya ukoo inanukia nyama jioni hii, isipokuwa yangu. Nimekula ugali kwa kisamvu, na sijutii.

Kabla ya giza, tai aliyebaki alizunguka juu ya jiwe tupu, akageuka kuelekea ziwani kutafuta samaki.

Jembe nimelisimamisha mlangoni, upande wa nje, walione.