Kilatini cha Dodoma, Kimatengo cha Mama

Liverpool, Sydney. Jumapili ya Julai, jioni.

Baridi ya leo haina adabu. Jua limetoka, lakini ni jua la kutazama tu, halimpashi mtu moto. Wenzangu wa huku waliotoka Dar wanalalamika tangu Juni. Mimi sina haki hiyo, nimezaliwa Mbinga, ambako Julai mtu akikusalimia asubuhi moshi unamtoka mdomoni.

Leo ni siku yangu pekee ya mapumziko wiki hii. Kesho alfajiri narudi Wetherill Park, ghalani, kwenye foklifti yangu. Nilipanga kuandika barua moja tu, na hiyo moja imenishinda.

Barua yenyewe aliiomba Kalisto. Tulisoma naye seminari ndogo, mimi sikufika kwenye upadri, yeye pia hakufika, ila yeye sasa ana kiti Dodoma. Wiki iliyopita aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba kuna kamati inakusanya maoni juu ya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali. Kuna pendekezo kwamba mtahiniwa akitaka aruhusiwe kuchagua somo la lugha ya kale. Kalisto anataka lugha hiyo iwe Kilatini. Kundi zima lilishangilia, wazee wazima na vipara vyao wakaanza kutumiana amo, amas, amat tulizokariri darasani.

Baadaye akanitumia ujumbe wa sauti peke yangu, akiniita kwa jina langu la utani la seminari. "Profesa, hii kazi ni yako. Niandikie kurasa mbili za kuunga mkono, nizipate Jumatatu. Likipita watatafutwa watunga mitihani, na nani anakijua Kilatini kama wewe? Rudi nyumbani, ndugu yangu. Utasukuma makontena ya watu mpaka lini?"

Niliusikiliza mara nne ndani ya treni.

Nakiri, nilishajiona niko Dodoma. Nimechomekea shati, nasahihisha karatasi kwa kalamu nyekundu, na kila likizo niko Mbinga kwa mama. Miaka kumi na moja sijamwona mama ana kwa ana. Natamani hata kumbebea ndoo ya maji.

Basi asubuhi nikaandika ukurasa wa kwanza. Niliandika kwamba Kilatini hulea nidhamu, hunoa akili, hufungua mlango wa sheria na utabibu. Ulitoka vizuri, nikajipongeza kwa chai.

Saa kumi na moja nikapiga simu nyumbani, kule ikiwa saa nne asubuhi. Mama ana ugonjwa wa kusahau, huu ni mwaka wa pili. Anatunzwa na mdogo wangu Edita. Kiswahili kimemtoka chote, kimebaki Kimatengo, lugha aliyozaliwa nayo. Leo alikuwa mchangamfu kwenye kioo cha simu. Akaniuliza kama nimekula, kama huku kuna baridi, na kama nimeshachimba ngoro, yale mashimo tunayolimia kwetu milimani. Nilielewa kila neno. Nikajibu kwa Kiswahili, kama ninavyomjibu siku zote.

Mama akamgeukia Edita, akamwambia kwa Kimatengo, "Huyu mgeni ametoka wapi? Mpe kiti, maskini."

Binti yangu Agnes, ana miaka kumi na miwili, alikuwa pembeni yangu kwenye kochi. "Dad, si unamwelewa? Mjibu tu kwa lugha yake." Alisema kwa Kiingereza, bila shaka. Huyu ndiye ninayempigia kelele kila siku kwamba mwacha asili ni mtumwa, kwa sababu namsemesha Kiswahili naye ananijibu Kiingereza. Nikaenda jikoni kujifanya naosha vyombo.

Sasa niandike nisilowahi kumwambia mtu.

Pale seminari kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Ukisikika ukisema lugha ya kwenu, unavishwa shingoni, na unabaki nacho mpaka umnase mwenzako. Anayekutwa nacho wakati wa chakula cha jioni anakula amesimama. Nilipokuwa kiranja nilikuwa bingwa wa kunasa. Niliwasalimia wenzangu kwa Kimatengo, kwa upole kabisa, wakajibu, nikawavika. Kalisto nilimvika mara tatu. Niliitumia lugha ya mama kama chambo.

Siku moja mama akaja kunitembelea, ametembea tangu alfajiri na kapu la viazi vya kuchemsha. Akanisemesha kwa furaha mbele ya wote. Mimi nikaona kibao kinaninyemelea, nikamjibu kwa Kiswahili, tena kile cha darasani. Akanitazama kidogo, akacheka. Tangu siku hiyo mama alinisemesha Kiswahili, cha kubabaisha mwanzoni, kisha kizuri. Alijifunza kwa ajili yangu. Nilidhani ni maendeleo.

Nimerudi kwenye barua nikausoma ule ukurasa. Nilipofika kwenye "nidhamu" nikafunga kompyuta. Kilatini hakina kosa, bado nakipenda. Lakini mtoto wa shule ya kata ambaye hajawahi hata kukisikia, somo hilo lingemsaidia nini? Lingetusaidia sisi na vipara vyetu. Nikamwandikia Kalisto, "Samahani ndugu yangu, sitaweza. Tafuta mwingine." Amenijibu kwa alama ya kuuliza. Roho inaniuma, siwezi kudanganya. Mlango wa kurudi nyumbani nimeufunga kwa mkono wangu.

Kisha nikampigia Edita, nikamwomba aniwekee simu karibu na mama, asiseme lolote. Nikamsalimia mama kwa Kimatengo. Ulimi ulikuwa mzito, Edita akaziba mdomo asicheke. Nikamwambia mama nimekula, nimeshiba, na huku kuna baridi.

Mama akapiga makofi. Akavuta kigoda akaja karibu na kioo, akaanza kuongea, na hakunyamaza karibu nusu saa. Sijamsikia akiongea hivyo tangu nikiwa mdogo. Akaniambia ana mtoto wa kiume, yuko shule ya mapadri, ana akili sana. Ila mgeni wangu, akasema, ukikutana naye usimsemeshe lugha yetu mbele za watu. Huwa anaona haya.

Nikamwambia nimesikia, mama.

Kesho nikitoka kazini nitapiga tena. Sijui nitapata wapi Kimatengo cha kumwambia kwamba mtoto huyo haoni haya tena.