Tumbawe la Mgombani

Jumatatu, 5 Juni 1944. Ihanda

Tumbawe namba tatu nimelimaliza. Bonge la mviringo, mifereji kama ubongo wa mbuzi. Namba nne na tano ni matawi, ncha butu. Tano ndefu kuliko nne kwa upana wa kidole. Bado vipande tisa. Sanduku linarudi pwani mwisho wa mwezi, na Bwana Mkuu wa shule anataka kila umbo lielezwe kwa Kiswahili chepesi cha darasa la tatu. Bahari yenyewe sijaiona. Ziwa Rukwa nimeliona mara moja tu. Baridi kali leo, wino mzito.

Jumatano, 7 Juni

Namba sita imenishinda. Si tawi, si bonge, si sahani. Ni utando. Bwana amenisomea kitabu chake: vijidudu hawa hujenga juu ya chochote kigumu kilicholala chini, mwamba, chuma, mfupa. Utando hufuata umbo la kilicho ndani yake. Nikaandika hivyo hivyo. Nilipoutazama tena nikaona pua. Nikafunika sanduku, nikatoka nje.

Mdogo wangu Yoramu alikuwa melini na askari wenzake. Barua ya serikali ilifika Aprili. Meli imezama, yeye hakuonekana.

Ijumaa, 9 Juni

Nimekosea. Nimeleta namba nne na sita nyumbani nimalizie kazi. Mama akauliza ni mawe gani haya. Nikasema si mawe, ni viumbe wa baharini, huota. Huota juu ya nini? Nikamwambia. Hata juu ya mifupa ya mtu? Mdomo wangu ukasema ndiyo. Mwalimu mzima, sijui kunyamaza.

Mama hakulia. Tangu Aprili hajalia. Matanga amekataa. Kumlilia mtu ambaye hujauona mwili wake ni kumwita afe, ndivyo asemavyo, na wazee wa kanisa wameshindwa naye. Kila mchana anamtengea Yoramu ugali. Enesi, mke wa Yoramu, anaula ukishapoa. Umri wake miaka ishirini na miwili. Si mke, si mjane.

Jumatatu, 12 Juni

Namba nne haikuwepo mezani. Nimeikuta mgombani nyuma ya nyumba, imesimikwa ardhini kama mche. Mama anaimwagilia maji ya chumvi. Chumvi yetu ya Ivuna, ya kupikia. Pembeni ameweka ukambaa wa mgomba wenye fundo, wa kupimia.

"Usiing'oe, mwanangu. Huyu na wenzake wa huko baharini ni ukoo mmoja. Wakipata mtu wa kuotea, huyu naye atakua, nami nitamlilia mwanangu. Asipokua, Yoramu yu hai."

Nikamwambia kimekufa zamani, hakiwezi kukua hapa. Akaniuliza ni wangapi nimewaona mwenyewe wakikua huko baharini.

Ijumaa, 16 Juni

Haikui. Bila shaka haikui. Mama anapima kila asubuhi na uso unamchangamka. Leo ameimba. Amemwambia Enesi afue shati la Yoramu. Enesi amelifua, amelianika, kisha amekaa chini yake mpaka likakauka. Kwao Ibaba wamemwita mara mbili arudi. Mama hamwachilii. "Mumeo yuko njiani," anasema.

Nina hasira. Hasira na Mama. Hasira na Yoramu aliyekwenda kujiandikisha bila kuniaga. Nikifumba macho ule utando unakuwa na masikio yake.

Jumamosi, 17 Juni

Nimefanya. Mama alipokwenda mtoni nimeing'oa namba nne, nikasimika palepale namba tano, ile ndefu, niliyoitoa shuleni jana. Udongo nimeusawazisha kwa kiganja. Namba nne nikaificha mkobani, kama mwizi wa kuku.

Jumapili, 18 Juni

Mama amepima kabla ya ibada. Akapima tena. Akauweka ukambaa chini taratibu, akavua kitambaa cha kichwani, akalia. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Waliokuwa njiani kwenda kanisani wakaja mbio. Enesi akaanguka magotini kwake, wakashikana. Nami nikalia. Nililia kweli, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 27 Juni

Matanga yameisha. Mchungaji amesali. Enesi amenyolewa nywele, kesho kaka yake anakuja kumchukua. Amenishukuru kwa kuwa mvumilivu. Nilitazama pembeni.

Sanduku limeondoka na lori. Nimemwambia Bwana namba tano ilivunjika. Akakunja uso, akaandika. Maelezo yangu ya utando ameyasifu. Wanafunzi watayasoma kwa sauti.

Jumapili, 2 Julai

Mama anachuma kahawa na anakula vizuri. Usingizi umemrudia. Hamtaji Yoramu ila katika sala, pamoja na Baba na marehemu wengine.

Juzi askari wawili walio likizoni walishuka hapa kwenye lori, wakaendelea kwa miguu kuelekea Tunduma. Tangu siku hiyo lori likisimama barabarani natoka mimi kwanza, kabla Mama hajasikia. Nawatazama wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Mdogo wangu huyo nilimbeba mgongoni. Namshukuru Mungu kwamba si yeye, kisha narudi ndani.