Kompyuta ya Jarmo Iliyokataa Kuwaka

Oulu, Finland
Jumapili, 8 Februari 2009

Mpendwa Shangazi Lempi,

Hujambo huko Thunder Bay, Kanada? Mguu unaendeleaje? Binamu Riitta na wanawe hawajambo? Sisi tuna uzima, ingawa theluji imefika madirishani na Mama hatoki nje. Ile saa ya kupapasa uliyomtumia marehemu ndugu yangu Jarmo siku hizi naivaa mimi. Naipapasa kama alivyokuwa akifanya, lakini vidole vyangu havioni kitu.

Asante kwa kadi ya rambirambi. Mama ameiweka kando ya mshumaa. Wifi yako hakulia hata mazishini, Shangazi, na hilo limenitisha kuliko kilio. Kila Jumapili anatoa vikombe viwili, kisha kimoja anakirudisha kabatini. Alichokitaka ni kimoja tu, kuisikia tena sauti ya mwanawe. Jarmo alikuwa akirekodi mazungumzo yao ya kahawa ya Jumapili, na yote yalikuwa kwenye kompyuta yake. Kwingine hakuna.

Kompyuta yenyewe iliungua kwa hitilafu ya umeme tulipokuwa tukihamisha vitu vyake, ikapona diski peke yake. Nawe wamjua mpwa wako kwa ubishi. Hakutaka mfumo wa dukani. Alijitengenezea kerneli yake mwenyewe, yaani kile kiini kinachoamka kwanza na kuiamsha kompyuta nzima, akaondoa humo kila asichokihitaji, akabuni hata namna yake ya kupanga mafaili. Kompyuta nyingine ikiisoma diski ile inaona takataka tupu.

Aliyejitolea kutusaidia ni Jouko, rafiki yake wa kazini. Aliinakili diski, akaunda mashine pepe, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yake, ili kerneli ya Jarmo iamke humo ikidhani iko kwake. Akawasha. Skrini ikawa nyeusi. Akabadilisha hiki na kile, nyeusi vilevile. Alikuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi Mama aliketi nyuma yake amevaa vizuri kama anayengoja mgeni. Nilimchukia yule Jouko, masikini, kila alipotikisa kichwa.

Jumamosi ya tarehe 31 Januari alikata tamaa.

"Haiamki, Päivi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Inakufa kabla haijatamka neno. Labda ni mambo ya skrini. Kwani Jarmo alikuwa na skrini gani nyumbani?"

"Hakuwa na skrini," nikamjibu. "Ya nini?"

Tukatazamana. Mtu kipofu tangu kuzaliwa, Shangazi! Jouko amekaa naye ofisi moja miaka yote ile, mimi nimelala naye chumba kimoja utotoni, na wote wawili tulikuwa tumekodolea kioo macho. Jouko alimtaja shetani kwa sauti, na Mama hakumkemea.

Jarmo alikuwa ameondoa kila kinachohusu kuonyesha. Kerneli yake ilisema tu, kupitia tundu moja la nyuma, kwenda kwenye kile kisanduku chake kinachotamka maandishi. Na kisanduku kilikuwa dirishani kwa Mama, amekitwika chungu cha maua.

"Taratibu na ua langu!" alipiga kelele.

Jouko alikipangusa udongo, akakiunganisha, akaifungulia mashine pepe njia ya kukifikia, akawasha. Skrini nyeusi. Lakini kisanduku kikaanza kupayuka kwa ile sauti ya bati, kwa kasi aliyoipenda Jarmo. Haikutuuliza hata neno la siri. Marehemu hakuamini kuna mtu wa kumwibia.

Tukafungua rekodi ya kwanza.

"Mama, hii ni kahawa, au ni maji yaliyopita karibu na kahawa?"

"Kunywa na ushukuru," Mama akajibu, mle ndani ya rekodi na pale pale mezani, kwa pamoja.

Ndipo akalia. Nilifurahi, nikadhani mzigo umeshuka.

Jouko alikuwa bado anashangaa. "Kumbe ilikuwa ikiamka kila tulipoiwasha," alisema. "Ilikuwa inasema kila kitu. Sisi ndio hatukuwa upande inaosemea."

Mama akakitazama kiganja chake.

"Päivi," akasema, "vile vidole."

Wewe hukuwepo hospitali. Baada ya kiharusi Jarmo hakusema tena, na daktari alituambia hajitambui. Mkono wake wa kushoto tu ndio uliosogea, vidole vikimbonyezabonyeza Mama kiganjani kutwa nzima. Ni mishipa, tukaambiwa. Lakini Jarmo aliandika maandishi yake ya nukta, yale ya wasioona, hivyo hivyo, kwa kubonyeza kwa vidole, tangu shule ya msingi.

"Nilidhani anasikia baridi," Mama alisema. "Nikaurudisha mkono ndani ya blanketi."

 Tangu siku ile Mama hazisikilizi tena rekodi zile. Anakaa mezani amefungua kiganja kimoja, anakibonyeza kwa vidole vya mkono wa pili, akijaribu kukumbuka kidole kipi cha Jarmo kilitangulia.

Msalimie sana Riitta, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akushike mkono kwenye barafu za huko. Na ukimpigia Mama simu, Shangazi, iache ilie muda mrefu. Mikono yake yote miwili ina kazi.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye siku zote,
Päivi